Sifuri Iliyozidi

Novemba 5

Mvua imeanza kazi yake na bati langu limeanza yake. Linavuja palepale ambapo fundi alilipwa mwezi wa nane kuziba. Nimesogeza kitanda, nimetega beseni. Kanisani nimekwenda na mabuti ya mpira na hakuna aliyenicheka, wengi walikuwa nayo.

Novemba 8

Leonia amekuja. Ametoka Mwandiga mvua ikinyesha, kanga imemganda mwilini, na bado amekaa kitambo kirefu akiniuliza habari za goti langu. Namfahamu. Tulikuwa jumuiya moja hapa Rusimbi kabla mumewe hajajenga kule, na sijawahi kumwona akiingia kwenye jambo kwa mlango wa mbele. Nikamjazia chai mara ya pili.

"Mama Eva," akasema hatimaye, "wewe bunduki unazijua."

Najua kuzihesabu na kuzipaka mafuta. Nilitunza ghala la silaha la idara ya wanyamapori mpaka nilipostaafu, na katika miaka yote hiyo nilipiga risasi chache tu, zote nikilenga kopo. Lakini mji huu ukishakupa jina hauchukui tena. Kwa watu hapa mimi ni Mama Bunduki, na nitazikwa na jina hilo.

Shida yenyewe ni hii. Mumewe, Mzee Elia, tuliyemzika Septemba, ameacha bastola ndogo yenye leseni. Aliinunua zamani alipokuwa akizunguka vijijini kununua mawese na fedha mfukoni. Sasa iko polisi. Watoto ni wawili: Samson, mkubwa, anayeishi kwa michikichi ya baba yake pale Mwandiga, na Recho, mwalimu Tabora. Vingine vyote vimeshagawanywa bila kelele. Vimebaki michikichi na bastola, na Samson anataka vyote viwili. Ukoo umekaa, umeamua hivi: bastola ikiwa ni kitu kidogo, Samson aichukue juu ya michikichi. Ikiwa ni kitu kikubwa, itahesabiwa fungu zima, atakayeichukua aiache michikichi kwa mwenzake.

"Na wa kusema kidogo au kikubwa ni wewe," Leonia akasema. "Wote wamekubali. Wamesema wewe, Mama Domitila, ni Mhaya, huna ndugu hapa, humpendelei mtu."

Miaka thelathini Kigoma na sifa yangu kubwa ni kwamba sina mtu. Nimekubali. Ningesemaje?

Novemba 10

Beseni limejaa mara mbili.

Novemba 14

Nimekwenda polisi na barua ya ukoo. Anayetunza ghala pale anaitwa Crispin, kijana wa kwetu Muleba, mpole, mwenye kucha safi kuliko zangu.

"Shikamoo mama. Nasikia wewe ndiye uliyewatoa jasho askari wa wanyamapori wiki nzima kwa risasi moja iliyopotea."

"Marahaba, afande. Haikupotea. Iliuzwa."

Akaniletea bastola kwenye mfuko wa nailoni wenye kikaratasi cha namba. Nikatandika gazeti mezani, nikaikagua taratibu nikianzia mdomo. Ni ile aina yenye kigurudumu kinachozunguka na risasi ndani yake, ya Ujerumani, ndogo, inakaa vizuri hata kwenye kiganja changu. Rangi nyeusi imebaki kwenye mikunjo tu. Upande mmoja wa mpini ni wa asili, mwingine ni mti uliochongwa na seremala ambaye hakuwa na haraka. Ndani ya mtutu kuna kutu ya ziwani, ile inayoanza kidogo kidogo na kula usiku na mchana. Kigurudumu kinachezacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Lakini kilichonisimamisha ni matundu ya risasi. Kila tundu lina kijishimo ukingoni, mahali palepale. Bastola hii hutumia risasi nyembamba za ishirini na mbili, ambazo hugongwa ukingoni mwa kitako badala ya katikati. Ukifyatua bila risasi ndani, kigongeo kinakosa cha kugonga, kinagonga chuma chenyewe. Mara moja mbili si neno. Vijishimo vile vilikuwa vya miaka.

"Mzee alikuwa anapiga hewa?" Crispin akauliza.

"Alikuwa anapiga hewa, baba. Sana."

Akaniuliza bei. Nikamwambia laki mbili na nusu, tena kwa mnunuzi mwenye huruma. Kutu, kigurudumu kilicholegea, matundu yaliyoumia, na risasi zake hapa mjini ni hadithi. "Mbuzi wawili," nikasema, "na wasiwe wanene." Akacheka mpaka akatoa machozi. Nilirudi nyumbani nimeridhika. Kwa mara ya kwanza tangu nistaafu nilikuwa nimefanya kitu ninachokijua.

Novemba 15

Goti. Siku nzima kitandani.

Novemba 19

Leonia tena. Safari hii hakuuliza habari za goti.

"Umeiona?"

"Nimeiona. Nani alikuwa akiifyatua tupu?"

Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Umejuaje? Ni yeye. Kila akipanda kitandani. Ta, ta, ta, mpaka izunguke yote, ndipo asali. Risasi zilikwisha mwaka Recho anaingia sekondari, hakununua nyingine. Nikamwambia, wewe mwanamume, hicho si kitu tena. Akasema, mwizi hajui."

Tukacheka wote wawili. Kisha akaacha kucheka na mimi nikabaki peke yangu.

Akanieleza. Jirani yao Feliksi amepakana nao kwenye michikichi, na mwezi wa kumi alikata mikungu miwili kwenye mti ambao Samson anasema ni wao. Tangu baba yake afe Samson anakunywa. Amekunywa akasema mbele ya watu, pale kilabuni, kwamba kitu cha baba kikitoka polisi Feliksi atavunia kwa Mungu. Leonia aliletewa maneno hayo akayakataa. Juzi amemsikia mwenyewe, nyumbani, hajalewa, akiyasema tena huku anafunga viatu.

"Ukisema ni kitu kidogo, anaipata na michikichi anabaki nayo, na Feliksi yuko pale pale ng'ambo ya mpaka," akasema. "Andika bei kubwa, Mama Eva. Samson hawezi kuiacha michikichi, ndiyo inayomlisha. Andika kubwa, aiache bastola mwenyewe, bila mtu kumkataza."

Nikamwambia bila leseni yake mwenyewe polisi hawampi.

"Baba yake aliipataje? Alijaza fomu, akasubiri. Samson naye anajua kusubiri."

"Mimi nimeulizwa bei ya haki, Mama Samson."

"Bei ya haki ni ile itakayomwacha mwanangu nyumbani na Feliksi mzima."

Nilimsindikiza mpaka kwenye bajaji, akapanda, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili na hakuuachia mpaka dereva alipokohoa. Nimechoka. Nimetumia maisha yangu kuzuia bunduki zisitoke ghalani bila karatasi sahihi, na sasa naombwa karatasi isiyo sahihi ili bunduki isitoke.

Novemba 21

Mvua. Nimepika maharage yameungua.

Novemba 22

Mvua. Ziwa limepanda, watu wa Kibirizi wanahamisha vyombo. Mimi nina beseni moja tu na ninalalamika.

Novemba 25

Nimeandika. Kwanza niliandika 250,000, nikaitazama namba hiyo muda mrefu. Ilikuwa kweli tupu, na nilimwona Feliksi amelala kati ya miti. Nikaongeza sifuri moja. Haikunichukua hata pumzi. Milioni mbili na nusu, na sahihi yangu chini, ile ambayo hakuna mkaguzi aliyewahi kuitilia shaka. Kikao ni kesho. Nimewatumia karatasi kwa mtu wa bodaboda na kuwaambia goti limekataa. Goti halijakataa kitu. Mimi ndiye niliyekataa kuwatazama usoni.

Novemba 27

Leonia amepiga simu. Mwanzoni sikumwelewa kwa kilio.

Ameichukua.

Karatasi ilisomwa na baba mdogo wa Samson, anayesimamia ukoo. Samson akaomba isomwe tena. Ikasomwa. Akaambiwa achague. Leonia anasema alisimama wima, hajagusa pombe siku hiyo, akasema michikichi apewe Recho. Kwao Waha mtoto mkubwa hupokea mkuki wa baba siku ya kumaliza matanga, na Mzee Elia hakuwa na mkuki. "Hilo ndilo ichumu la data," Samson akasema, yaani mkuki wa baba kwa Kiha. "Ichumu haliachwi."

Nimekaa na simu mkononi mpaka ikazima taa yake. Nilidhani bei kubwa inamfukuza mtu. Mimi, niliyezaliwa Muleba, nikalelewa Muleba, kwa watu ambao kitu kikiwa ghali ndipo wanataka viwili!

Desemba 3

Samson amekuja. Nilipomwona mlangoni nilimtazama mikono kwanza. Alikuwa na shati lililopigwa pasi na galoni ya mawese.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Ana miaka kama arobaini, mrefu, kichwa cha baba yake. Akakaa ukingoni mwa kiti. Nilitegemea ugomvi. Nilichopata ni kibaya zaidi.

"Nimekuja kushukuru," akasema. "Mimi baba nilimdharau. Nisikufiche. Nilimwona mzee mwoga wa kuhesabu vidumu, kila kitu anaogopa. Kumbe miaka yote alikuwa na kitu cha milioni mbili na nusu chini ya mto na hakujisifu hata siku moja. Mtu wa hivyo si mwoga."

Akaniuliza ni kweli ina thamani hivyo. Nikasema karatasi imeshasema. Nikaenda jikoni kufanya nini sijui, nikarudi mikono mitupu.

Ameacha pombe tangu kikao, anasema. Anafanya kibarua cha kupakia mizigo bandarini, analala kwa rafiki yake kule Mwanga, anakusanya karatasi za kuomba leseni. Habari za Feliksi sikuthubutu kuuliza. Alipoondoka niliitazama galoni ile na sikuweza kuifungua. Nilikuwa nimejiandaa kumwogopa muuaji, nikaletewa mtoto anayemlilia baba yake.

Desemba 12

Beseni mara tatu. Fundi anasema atakuja.

Desemba 25

Noeli. Binti yangu Eva amepiga kutoka Mwanza. Nimemwambia mimi ni mzima.

Januari 9

Fundi hajaja.

Januari 16

Nimekutana na Leonia sokoni Mwanga. Amekonda. Kanieleza amesimama, kikapu kichwani, bila kunitazama. Recho hawezi kulima michikichi akiwa Tabora, anaiuza. Mnunuzi mwenye fedha mkononi ni mmoja tu, naye ni Feliksi.

"Samson anajua?"

"Bado. Feliksi atalipa mwisho wa mwezi wa pili."

Nikamwambia twende tukaseme ukweli, leo hii, mimi na yeye. Akasema, "Tusubiri, Mama Eva. Leseni inaweza kukataliwa." Nikamwambia ikikataliwa atakuwa hana bastola wala michikichi, na Feliksi atakuwa anavuna miti ya baba yake mbele ya macho yake. Atatafuta panga, panga halina leseni. Akashusha kikapu, akakipandisha tena kichwani, akaenda zake.

Nimemkasirikia njia nzima. Nilipofika nyumbani nikakumbuka kwamba sifuri ile hakuiandika yeye.

Januari 30

Mvua bila upepo, ile inayonyesha kama haina kwao. Sikutoka.

Februari 6

Crispin amenipigia. Samson amepeleka karatasi za maombi, na katikati yake ameweka nakala ya karatasi yangu, kama mtu anayeweka cheti cha shule.

"Mama, mezani ulisema laki mbili na nusu. Nakumbuka mbuzi."

"Unakumbuka vizuri, afande."

Kijana mwerevu. "Na hii sifuri?"

Nikamwambia nitamjibu. Akaniambia maombi yatakwenda taratibu, kama yote. Nadhani alikuwa ananipa muda.

Februari 14

Jumatano ya Majivu. Padri amenipaka, nimerudi nimekaa kitandani na majivu yangu. Nimemwambia baba mdogo wa Samson aitishe kikao Jumapili. Nimempigia Leonia nikamwambia nitasema yote. Akasema, "Ego," neno lao la kukubali, na hakuongeza lingine.

Februari 18

Nitaandika yote, maana nikilala nayo hayatalalika.

Kikao kilikuwa Mwandiga, nyumbani kwa marehemu, sebuleni, mvua ikipiga bati tukawa tunasema kwa sauti kama tuko ng'ambo mbili za mto. Walikuwepo baba mdogo, wazee wanne wa ukoo, Leonia kwenye mkeka, Samson mlangoni na shati lake lile. Recho alikuwa kwenye simu iliyowekwa juu ya meza, sauti kubwa. Feliksi hakuwepo, si ukoo.

Nilisimama. Nikasema bei niliyoandika si ya kweli. Nikasema bastola ya marehemu inastahili laki mbili na nusu, mbuzi wawili tu, imechoka, ina kutu, haina risasi, na yeyote aliyeichukua badala ya michikichi amedhulumiwa na karatasi yangu. Nikakaa, maana goti safari hii lilikataa kweli.

Mvua ikaendelea kupiga bati.

Baba mdogo akasema, polepole, "Mama Domitila. Tulikuamini kwa sababu huna upande. Nani alikupa upande?"

Hapo ndipo nilipomtazama Leonia. Sikumtaja. Nilimtazama tu, kumpa nafasi aseme mwenyewe, kama tulivyokubaliana, au kama nilivyodhani tumekubaliana. Macho yote yakafuata yangu yakamfikia pale mkekani. Samson naye akamtazama mama yake.

Leonia akainua uso. "Mimi mambo ya bunduki siyajui," akasema. "Nimeshangaa kama ninyi."

Sijawahi kupigwa kofi nikiwa mtu mzima. Nadhani ndivyo linavyokuwa: kwanza sikio linalia, ndipo uchungu unakuja. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Kilabu, viatu, Feliksi, mikono yake miwili iliyonishika kwenye bajaji. Ningeyatoa wangeniamini, maana uso wa Leonia ulikuwa umeshasema.

Lakini Samson alikuwa bado anamtazama mama yake. Nikaona anachosubiri kujua. Si bei. Alikuwa anasubiri kujua kama mama aliyemzaa amekaa akamhesabu kuwa muuaji, akamtegea mtego wa kumnyima urithi wa baba yake. Akilijua hilo, haijalishi atarudishiwa michikichi mingapi.

Nikacheka. Sijui nilikitoa wapi kicheko.

"Upande gani, wazee wangu? Ni macho. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, sasa mnataka nichutame hapa mbele yenu? Niliandika usiku, taa ndogo, macho yenyewe haya. Nilitaka kuandika laki mbili na nusu, nikaweka sifuri moja zaidi. Sikuiona. Nimekuja kuiona juzi polisi waliponiuliza."

Macho yangu ni mazima. Natunga uzi kwenye sindano kwa mwanga wa dirisha. Leonia anajua, nimemshonea kanga nyingi.

Mzee mmoja akasema kwa Kiha kitu ambacho sikukipata chote, lakini nilisikia neno la mwanamke na neno la bunduki, na wengine wakaguna. Baba mdogo akasema, kwa heshima, lakini nilisikia alivyopunguza sauti kama mtu anayesema na mgonjwa, "Basi mama, pole. Ungesema tu kwamba huoni, tungetafuta mwingine."

Recho kwenye simu akasema, "Kama bei ilikosewa, kaka arudishiwe michikichi. Feliksi hajanipa hata senti, namwambia leo." Mungu ambariki mtoto yule.

Samson akaja mpaka katikati ya sebule.

"Laki mbili na nusu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Mbuzi wawili."

"Ndiyo."

Akatazama chini. Niliona shati lile likimporomoka mabegani, ingawa lilikuwa limekaa palepale. "Basi siitaki," akasema. "Wakae nayo polisi. Nilidhani alikuwa na kitu." Akatoka mvuani. Hakupiga mlango. Aliurudisha taratibu, na baadaye tukasikia panga likikata majani upande wa michikichi, na Leonia akaruka kutoka mkekani akachungulia dirishani. Alikuwa anafyeka tu. Miti ilikuwa imeachwa tangu Novemba.

Nimerudi na bodaboda. Nimelowa. Naandika haya na taulo kichwani na kuna jambo moja linanizunguka halitaki kukaa. Ningeandika mbuzi wawili tangu Novemba, angeiacha siku ileile. Asingeitaka hata kwa bure. Nilikuwa na jibu sahihi mezani, limekauka wino, nikaliongezea.

Februari 27

Mtu mmoja wa Kibirizi ana gobore la babu yake alitaka nilitazame. Leo ametuma ujumbe kwamba ameshapata mtu. Sawa.

Machi 2

Crispin amepiga. Amesikia. Mji mdogo. Akaniambia, "Mama, mimi nilikuwepo. Naweza kuwaambia ulivyoikagua, ulivyoitaja bei bila kubabaika. Watu wanasema vibaya huko, wanasema hukuwahi kujua, ulikuwa unapaka mafuta tu."

Nikamwambia aache. Akabisha. Nikamwambia tena aache, kwa sauti ile niliyokuwa nikiwaambia nayo askari warudishe funguo, akasema ndiyo mama. Kisha nimekaa nimelia kidogo. Inauma. Miaka thelathini sikupoteza hata risasi moja, isipokuwa ile iliyouzwa, na hiyo niliipata.

Machi 10

Leonia hajaja. Hajapiga. Kwenye misa ya marehemu mumewe aliketi upande wa pili wa kanisa. Tulipofika kwenye kupeana amani alinipa mkono, baridi, akausogeza haraka kwa aliyefuata. Simlaumu. Namlaumu. Sijui. Ningekuwa na mtoto wa kiume ningefanya nini?

Machi 15

Fundi amekuja! Ameziba. Mvua imepungua wiki hii, kwa hiyo hatujui kama ameziba.

Machi 24

Jumapili ya Matawi. Baada ya misa nimefika nyumbani nikamkuta Samson kwenye ngazi, na fungu la matawi ya mchikichi na mfuko wa karatasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona hukuingia kivulini?"

Amekatwakatwa mikono na miiba, ngozi imekomaa. Amevuna mara ya kwanza tangu arudishiwe. Wamesimika jiwe jipya la mpaka, yeye na Feliksi, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na mti ule wa ugomvi umeonekana ni wa Feliksi kweli. Alilisema hilo akicheka, akijikuna shingo. Nikamwuliza habari za kilabu. Akasema anapita tu, siku nyingine anaingia. Hakunificha. Anamsogelea mama yake siku hizi, wanakula pamoja.

Kisha akageuzageuza ule mfuko.

"Siku ile nilikukasirikia sana, mama. Nilisema mwanamke huyu amenichezea. Baadaye nikawaza, mtu mzima anaishi peke yake, haoni, hakuna hata wa kumsomea ujumbe, na sisi tumemtwisha kazi ya namba. Kosa ni letu."

Akatoa miwani. Miwani ya kusomea, ya wale wanaopanga vitu barabarani karibu na stesheni, fremu ya kahawia, nene.

"Jaribu," akasema.

Nikaivaa. Dunia yote ikavimba. Uso wake ukawa ziwa.

"Unaona?"

"Naona, baba. Naona vizuri sana."

Akafurahi kama mtoto aliyepasi mtihani. Akaniletea kalenda ya ukutani nisome, nikasoma kwa kukumbuka. "Mama ndiye aliyeichagua," akasema. "Tulikwenda wote mjini. Mimi nilitaka ile nyeusi, akasema hapana, chukua hii, hii ndiyo itakayomkaa Mama Eva. Akalipa mwenyewe, akakataa nisiongeze hata mia."

Nikaivua, nikaifuta kwa kanga. Alidhani ni furaha, akanipigapiga begani.

Atakuwa anapita kila Jumapili, anasema, kunisomea ujumbe na kutazama kama nahitaji kitu. Ameondoka na galoni yake tupu. Miwani iko hapa mezani, na nimejaribu kuandika mstari huu nikiwa nimeivaa, angalia jinsi ulivyopinda. Jumapili ijayo ni Pasaka. Nitaivaa atakapokuja, na akija na mama yake nitamwomba Leonia anishike mkono kwenye ngazi.